Kabla ya Majibu

Nilijua ana jambo tangu alipovua viatu. Siku zote huvivua mlangoni kwetu kwa haraka, kimoja huku, kingine kule, kama mtu aliyefika kwao. Jumamosi ile alivipanga. Aliinama, akavisogeza mpaka vikalingana, kisha akabaki ameinama vilevile, utadhani kuna kingine cha kupanga pale chini.

"Karibu, mkwe," mama mdogo akamwambia. Alikuwa amekaa kitandani anakunja mashuka ya nyumba ya wageni, maana ndiyo kazi yake, kufua na kukunja. "Au nikuite mgeni kwanza? Ukoo wako ukishakaa kwenye hivi viti Jumapili ya wiki ijayo, hapo ndipo nitakuita mkwe bila wasiwasi. Siku hizi watu wanabadilisha mawazo wakiwa njiani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Wenzako wakikaribia kuoa wananenepa. Unaniogopa mimi au unamwogopa huyu?"

Alicheka kwa mdomo tu. Macho yake yalinijia, yakatua begani kwangu, yakaondoka yakaenda dirishani. Yalikuwa yananifanyia hivyo tangu siku ya kipimo. Mwanzoni nilijiambia ni aibu. Baadaye nikajiambia ni kazi nyingi. Wiki hiyo ya mwisho nilikuwa nimeacha kujiambia chochote, nikawa nahesabu tu ni mara ngapi simu inalia na si yeye.

Kiwandani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Sisi tunashona magodoro, ukumbi mzima ni wanawake, na yeye huja na mradi wa kupima matiti. Anabeba kifaa kama tochi, kimeunganishwa kwa waya na kioo cha kushika mkononi. Kifaa kikipita juu ya titi, picha inatokea kwenye kioo, na humo ndani kuna hiyo wanayoiita akili mnemba, inaisoma picha palepale. Daktari wa kusoma picha hizo ni mmoja na foleni yake ni ya miezi. Mashine haina foleni. Likija duara la kijani, rudi kazini. Likija la njano, kamwone daktari. Likija jekundu, nenda leo. Kuna mama wa idara ya kupakia aliyepewa jekundu mwaka jana akiwa hasikii hata maumivu, na leo anapakia magodoro na kututania. Basi wanawake wakampachika kijana jina Kitochi. Mimi walikuwa wananiita Kimya toka zamani, kwa sababu naangalia zaidi ya ninavyosema.

Mama mdogo si mtu wa kuambiwa. Alimtazama Kitochi, akanitazama mimi, akabeba beseni. "Naenda kuanika," akasema. Mashuka yenyewe yalikuwa yameshakauka.

Tukabaki wawili. Nilimpa maji. Alishika glasi kwa mikono miwili, hakunywa.

"Kimya."

"Abee."

"Ile siku ya kipimo. Ulipolala pale kitandani. Nilikwambia uinue mkono?"

"Mkono upi?"

"Wa kushoto. Uuweke juu ya kichwa."

Nilifikiri. Nakumbuka vitu vingi vya siku ile. Nakumbuka ile jeli ilivyokuwa baridi. Nakumbuka pazia, tulilishona wenyewe kwa kitambaa cha magodoro, maua ya bluu. Nakumbuka mkono wake ulivyotetemeka, nami nikafumba macho ili asione kwamba nimeona.

"Wa kulia uliniambia," nikasema. "Wa kushoto hukuniambia."

Alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa naomba uniambie nimekwambia."

"Kwani mkono una nini?"

"Usipoinua mkono, kwapa halionekani vizuri. Na pale karibu na kwapa..." Akaiweka glasi chini. "Mashine iliniuliza, Kimya. Ilileta maandishi: sehemu ya juu kushoto haijaonekana. Chini yake kuna vitufe viwili. Kimoja Rudia, kingine Ruka. Nikabonyeza Ruka."

Nje nilisikia mama mdogo anakung'uta shuka. Sauti ya shuka ikakatika ghafla, na haikurudi tena.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mama alikohoa."

Mtu asiyemjua mama yake atacheka. Mimi sikucheka. Mama yake ni Mama Kengele, msimamizi wa ukumbi wetu wa kushona, anayepiga kengele ya kuanza na ya kuacha. Siku ya kipimo yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti nje ya pazia, akiita watu kwa namba za mashine zao za kushona. Alikaa meza moja na marehemu mama yangu miaka mingi. Ndiye aliyemwona ameanza kushona kwa mkono mmoja, akidai ni baridi imemwingia begani. Ndiye aliyemfungua blauzi siku alipoanguka kazini, akaona kilichokuwa kimefichwa chini ya vitambaa. Kwa hiyo mwanawe alipomtajia mimi, hakusema sina kitu wala kwamba niliishia darasa la saba. Alisema, "Binti nampenda. Lakini bibi yake aliondoka kwa ugonjwa huo, mama yake akaondoka kwa huohuo. Sitaki mwanangu azike mke kijana."

Neno kama hilo utalijibu nini? Kitochi akamwambia tumeachana. Hatukuwa tumeachana.

"Mradi una sheria," akaendelea, sasa maneno yakimtoka kwa kasi. "Usimpime mtu wako. Dada yako, mama yako, mpenzi wako, unampa mwenzako. Sista alikuwa palepale ndani, anapima presha. Nilichotakiwa kusema ni, Sista, huyu mpime wewe. Basi. Lakini Sista unamjua alivyo na sauti kubwa. Angeuliza kwa nini. Na mama yuko nje ya pazia."

"Ukaona bora unipime."

"Niliona nitapima haraka. Niliogopa kukugusa, niliogopa kutokugusa. Nikafika upande wa kushoto, mama akakohoa, nikaona kama anajua. Nikabonyeza. Ikaja kijani. Wallahi nilivyoiona ile kijani nilisahau kila kitu."

Na mimi nilisahau. Hilo ndilo lililoniuma. Nilitoka nyuma ya pazia nikifunga vifungo, nikapita mbele ya Mama Kengele, nikahisi nimepungua uzito. Tangu mama afe nilikuwa siogi kwa utulivu. Mkono ukipita kifuani unapita mbio, kama unapita mbele ya nyumba yenye mbwa. Wiki ile nikaoga polepole. Jioni ya siku ile ya kipimo Kitochi akamwambia mama yake, "Ulichokuwa unaogopa hana, mashine imesema ni safi." Mama Kengele akasema, "Kama mashine imesema hana, tutakwenda kuposa." Ndoa yangu yote ilikuwa imesimama juu ya duara lile.

"Kwa hiyo ile kijani," nikasema, "ni kijani ya nini?"

"Ya kulia kote. Na kushoto... kwa sehemu iliyoonekana."

"Uliniposa kwa titi moja na nusu."

"Kimya, tafadhali."

"Wangapi wengine uliwaruka?"

"Hakuna. Naapa. Wewe peke yako."

"Wanawake wote wale uliwapima sawasawa. Yule mama wa jikoni mwenye matusi ulimpima sawasawa. Mimi unayesema unanipenda ndiye umenipima vibaya."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika kichwa nikilaze mapajani, vyote kwa pamoja, na mikono yangu haikujua itii lipi. Ikabaki imeshikana.

"Mashine haikukosea," akasema polepole. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ingekosea ningeilaumu. Inasoma inachoonyeshwa. Nimeshaona inavyofanya kazi, inaona vitu vidogo ambavyo macho yangu hayavioni. Ndiyo maana nimekuja." Akavuta begi lake. "Nimekuja nacho."

Akafungua zipu, nikakiona kichwa cheupe cha kile kifaa kimefungwa kwenye taulo.

"Tunarudia sasa hivi," akasema. "Mama mdogo akae hapa ndani kama unataka. Dakika chache tu. Ikiwa kijani, imekwisha, hakuna aliyejua, Jumapili ya wiki ijayo tunakuja. Hakuna wa kuumia."

Nilikiangalia. Mungu anisamehe, nilitamani. Nilitamani kulala palepale kwenye mashuka ya wageni, niinue mkono, kijani ije, tufunge ukurasa. Mkono wangu wa kushoto ulishaanza kunyanyuka wenyewe.

"Na ikiwa nyekundu?" nikauliza.

"Haitakuwa."

"Nimekuuliza ikiwa."

"Tutajua la kufanya."

"Utabonyeza nini?"

Sikupandisha sauti. Lakini aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama machoni, na nikaona alivyoumia.

"Mimi si mtu wa namna hiyo," akasema.

"Hata ile siku hukuwa mtu wa namna hiyo." Nikaifunga zipu ya begi mwenyewe. "Nitapimwa na Sista. Jumatatu. Na wewe utamwambia kwa nini, pale pale, mama yako akiwepo."

"Watanitoa kwenye mradi."

"Pengine."

"Na mama atavunja safari ya posa."

"Pengine."

"Kimya, unaelewa unachoniomba?"

"Nakuomba useme mimi ni mtu wako. Kwani ni jambo gumu hivyo?"

Akasimama, akavaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka. Hakusema ndiyo wala hapana. Maji yalikuwa bado yamejaa glasi.

Mama mdogo akaingia na beseni tupu.

"Ulisikia," nikamwambia.

"Nimesikia nini, mimi nilikuwa naanika." Akakaa karibu yangu, kitanda kikalia. "Akili yenyewe wanakwambia ni mnemba, halafu mnaiachia iamue nani aolewe. Sisi tulikuwa na akili za kuzaliwa nazo na bado tulikosea waume."

Nikacheka, na kicheko kikageuka. Alinishika kichwa. Hakuniambia nyamaza.

Jumapili nilishinda bafuni. Nasema nilishinda, maana kila nilipotoka nilirudi. Niliinua mkono, nikapapasa. Nilipata kitu. Nikapapasa upande wa pili, nako nikapata kitu. Nikapapasa tena, nikakosa kote. Vidole vyangu vinajua uzi uliolegea kwenye godoro hata nikiwa nimefumba macho, lakini kwenye mwili wangu vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine. Jirani akagonga mlango mara mbili, mara ya tatu akauliza kama nimehamia.

Simu haikulia siku nzima.

Jumatatu ukumbi ulikuwa kama siku zote, sponji nyeupe zikiruka hewani, mashine zikinguruma, watu wakiongea kwa midomo na mikono. Mimi nashona utepe pembeni mwa godoro. Godoro linazungushwa mezani na wewe unalifuata, ukikosea kona utafumua lote. Asubuhi ile nilifumua mara nne. Mama Kengele alipita nyuma yangu, akasimama.

"Binti, leo mkono una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Bibi harusi mtarajiwa," akasema jirani yangu wa meza ya pili. "Mawazo yameshahamia kwa mume."

Watu wakacheka. Mama Kengele hakucheka, lakini uso wake ulikuwa laini, na alinigusa bega kidogo kabla ya kuondoka. Ule mkono ulinikata maini. Nilijua mpaka jioni huenda usinishike tena.

Kitochi hakuonekana asubuhi. Kengele ya chai ikalia, hakuonekana. Nikajiambia, basi, amechagua. Nikaanza kupanga nitakavyokwenda hospitali mwenyewe, foleni ya miezi au vyovyote. Nikaanza hata kuzoea. Ndipo nikawaona mlangoni. Sista mbele na sare yake nyeupe, yeye nyuma hana begi. Begi alikuwa nalo Sista.

Wakaenda moja kwa moja kwa Mama Kengele. Nikaacha chai, nikasogea.

"Mama," Kitochi akasema, "Sista amekuja kurudia kipimo cha mtu mmoja."

"Nani?"

"Kimya."

Mama Kengele akanitazama, akamtazama mwanawe. "Si ulisema ni safi?"

"Nilisema mashine imesema. Upande wa kushoto sikuumaliza. Mashine iliniambia nirudie, nikaruka."

"Wewe? Mtu unayefua begi la mashine kila wiki?"

"Nilitakiwa nimwachie Sista, sikumwachia. Sheria inasema usimpime mtu wako." Akanisogelea, akasimama kando yangu. "Huyu ni mtu wangu. Hata siku ile alikuwa mtu wangu. Nilipokwambia tumeachana nilikudanganya, na wewe ulikuwa nje ya pazia, nikaogopa kusema."

Wanawake walikuwa wameacha vikombe hewani. Ukumbi wetu haujawahi kunyamaza hivyo hata umeme ukikatika.

"Kwa hiyo nimeandaa posa," Mama Kengele akasema, akitenganisha neno moja na jingine, "juu ya uongo juu ya uongo."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe binti ulijua?"

"Kuhusu kuachana nilijua, mama. Kuhusu kipimo nimejua juzi."

Nilidhani atanitukana. Badala yake macho yake yalishuka kutoka usoni mwangu mpaka kifuani, upande wa kushoto, na nikaona anachokiona. Hakuwa ananiona mimi. Alikuwa anamwona mama yangu amelala sakafuni na blauzi imefunguliwa.

"Sista," akasema, "ingia naye. Sasa hivi."

Safari hii hakukaa nje. Aliingia, akasimama miguuni pangu nyuma ya pazia lile la maua ya bluu. Kitochi ndiye aliyebaki nje. Niliona viatu vyake chini ya pazia, havitulii.

"Inua mkono, mdogo wangu," Sista akasema. "Juu kabisa. Kama unachuma kitu."

Jeli ilikuwa baridi vilevile. Kifaa kilipita chini ya mfupa wa bega, kikazunguka, kikapanda kuelekea kwapa. Sista alikuwa anaongea mambo ya mvua na bei ya viatu vya shule. Kisha akaacha kuongea. Akarudi nyuma kidogo na kile kifaa, akakipitisha tena palepale, taratibu, kama mtu anayepiga pasi kola.

Nikageuza kichwa kuangalia kioo. Picha ilikuwa ya kijivu, kama mvuke. Duara likazunguka, likazunguka.

Njano.

"Nini?" Kitochi akauliza kutoka nje. "Sista, nini?"

Sista alinifuta jeli kwa upole, kila tone.

"Nisikilize," akaniambia. "Hii si kusema unaumwa. Mashine haina mamlaka hayo. Imeona kitu kidogo ambacho haikifahamu, inasema kamwone anayefahamu. Vingi vya namna hii vinakuwa si chochote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Vingi," Mama Kengele akarudia. "Si vyote."

"Si vyote, mama," Sista akasema.

Alhamisi nikapokewa hospitali bila ile foleni ya miezi, maana barua ya njano inakupitisha mbele. Kitochi alikuwa ameshasimamishwa mradi mpaka watakapomjadili. Alikuja nami hata hivyo, akakaa kwenye benchi la ukumbini mikono imening'inia, haina cha kubeba. Tulikuwa hatujaongea sana siku zile. Aliniletea maji, nikayanywa. Nikamwazima bega kulala kidogo, au yeye aliniazima lake, sijui. Aliponong'ona, "Unanichukia?" nilimwambia, "Kidogo. Jumatatu ilipunguza." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa zaidi ya alichotegemea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea huku anaandika. Alinipapasa kwa vidole, akapapasa tena, akatikisa kichwa. "Mimi kwa mkono sikipati," akasema. "Hicho kidude chenu kimekipata. Ni kadogo sana. Kakiwa kabaya, tumekawahi. Kakiwa kazuri, utalala usingizi." Akachukua nyama kidogo kwa sindano ndefu. Iliuma kidogo kuliko nilivyoogopa. Majibu, akasema, Jumanne.

Nilipotoka, Mama Kengele alikuwa amesimama ukumbini. Alikuwa na nguo zake za kazini, vumbi la sponji kwenye nywele. Sikujua amekuja saa ngapi wala nani amebaki na kengele. Kitochi alikuwa amesimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Amesemaje?" akaniuliza mimi.

"Jumanne, mama."

"Jumanne." Akafikiri. "Basi Jumapili tuiache kwanza. Tusubiri Jumanne. Ni siku mbili tu, si kitu. Majibu yakiwa mazuri tunakuja kwa furaha, kila mtu moyo mweupe. Nadhani hata wewe unaona hivyo, binti."

"Na yakiwa mabaya?" Kitochi akauliza.

"Yakiwa mabaya tutaongea."

"Mama, mimi siongei. Mimi nitamwoa."

"Wewe nyamaza. Umeshasema mengi wiki hii."

Walinigeukia wote wawili. Kifua kilikuwa kinawaka pale palipochomwa. Nilimwangalia mama yule, mikunjo ya macho yake, na nikaona kwamba hana ubaya. Ana woga, na mimi woga huo naujua, nimeoga nao toka niko mdogo. Lakini niliona pia kitakachotokea. Jumanne kijani ikija watanipenda, nyekundu ikija watanihurumia, na maisha yangu yote nitakuwa naamka asubuhi nauliza leo nina rangi gani.

"Mama," nikasema, "mlisema Jumapili. Njooni Jumapili."

"Binti..."

"Au msije kabisa. Majibu yakitangulia, msije. Hata yakiwa mazuri. Yakiwa mazuri mtakuwa mmeyaposa yale majibu. Mimi nataka kuposwa nikiwa hivi, majibu siyajui."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mkubwa maneno marefu hivyo. Kitochi aliusogeza mkono wake, akaushika wangu mbele ya mama yake, na safari hii hautetemeki.

Mama Kengele aliiangalia ile mikono. Muuguzi akapita na kitoroli, tukabanana ukutani kumpisha, sote watatu upande mmoja, na hata alipopita hatukuachana.

"Mama yako alikuwa hivi hivi," akasema mwisho. "Kimya, kimya, halafu anasema neno moja watu wanakosa pa kukaa. Ningejua siku zile ningemvuta kwa nguvu nimlete hapa." Akajifuta uso kwa kiganja, vumbi la sponji likabaki kwenye nyusi. "Sijasema nimekubali."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu huenda amepoteza kazi."

"Ndiyo, mama."

Akarekebisha mkoba wake begani, akaangalia mlango wa kutokea, akaniangalia.

"Huyo mama yako mdogo," akasema, "Jumapili anashinda nyumbani, au na Jumapili anafua?"